Bembea inatuliza baadhi, wengine wanaanza kujing'ata: tatizo liko wapi?

#1 MwlNyasaka

Wakuu, mwangaluka. Nahitaji mawazo ya wanaoifahamu kazi hii.

Kitengo kina watoto 9 wenye mahitaji maalumu, umri miaka 6 hadi 13. Wanne wana usonji, wawili mtindio wa ubongo, mmoja ana sindromu ya Down, mmoja haoni na anasikia kwa shida, mmoja ana ulemavu wa akili pamoja na kifafa. Nyuma ya darasa tumetengeneza kona ya kuchangamsha milango ya fahamu: bembea ya tairi iliyoning'inizwa kwa kamba moja kwenye kenchi, beseni la mchanga, beseni la maharage ya kuchezea kwa mikono, chupa za rangi na taa za krismasi ukutani. Tunaanza saa 5 asubuhi baada ya uji. Kila mtoto anakaa kwenye bembea dakika 15 hadi 20, isipokuwa wa kifafa, huyo hatumpandishi.

Watano wanashuka wametulia. Watatu, wote wenye usonji, wanacheka sana wakiwa juu, halafu ndani ya nusu saa ya kurudi darasani wanajing'ata mkono, wanaziba masikio, mmoja anavua shati. Siku nyingine watoto wale wale wanatulia kabisa. Kuna aliyeniambia niwaongezee muda, mwingine kasema niwatoe kabisa. Nani yuko sahihi, na sababu ni nini?

#2 BwiruJuu

Waongezee. Mtoto anayejing'ata mwili wake bado una njaa ya msisimko, hujaushibisha. Mpe dakika 30 uone.

#3 Tibakazi_Kanda

Mwalimu, kabla ya kuongeza au kutoa, itazame bembea yenyewe. Tairi lililofungwa kwa kamba moja halibembei, linazunguka. Mambo hayo mawili mwili unayapokea kwa njia tofauti.

Ndani ya sikio kuna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Hiyo inahisi kichwa kinapogeuka. Kuna pia vifuko viwili vyenye chembe ndogo za chokaa; hivyo vinahisi kwenda mbele na kurudi nyuma, kupanda na kushuka. Mwendo wa polepole wa mbele na nyuma, usiobadilika, kwa kawaida unatuliza. Mama anapombeba mtoto mgongoni na kuyumbayumba naye anafanya hicho hicho. Kuzunguka kunaamsha mifereji, na ujumbe wake haukatiki papo hapo tairi linaposimama. Mtoto akishuka tu mtazame machoni: utaona mboni zinachezacheza upande kwa upande. Kwenye kipimo kimoja cha tiba kazi (tiba ya kumsaidia mtu amudu shughuli za kila siku) mtoto huzungushwa mizunguko 10 tu ndani ya sekunde 20, na hiyo inatosha kabisa kuona mwitikio. Hao wa kwako wanazunguka dakika 20.

Kuhusu kicheko: kinadanganya watu wengi. Kicheko kinachopanda sauti mpaka kinakaribia kuwa kilio ni dalili ya kusimamisha. Nyingine ni uso kupauka au kuiva, viganja kutoa jasho, miayo mfululizo, kwikwi. Ukiona mbili kwa pamoja, shusha mtoto, hata kama anadai tena. Athari ya kuzungushwa inaweza kuchelewa, kwa hiyo hiyo nusu saa yako hainishangazi.

Nashauri hivi: bembea ya ndoano mbili, dakika 5, kisha kazi nzito dakika 5 hadi 10 kabla ya dawati. Kazi nzito maana yake misuli na viungo vivutwe au vigandamizwe: kubeba ndoo, kusukuma ukuta kwa mikono miwili, kukamua nguo zilizolowa, kutwanga kisamvu kwenye kinu. Mtoto wa kilo 25 ndoo yake iwe na maji lita 2 na nusu, inatosha. Tena ndoo ibebwe kwenda mahali palipo na sababu, kama kumwagilia mche. Mtoto akiona kazi haina maana ataimwaga.

#4 FundiIgoma

Tibakazi kasema la sikio, mimi naogopa hiyo kenchi. Mbao za paa zimepigiwa hesabu ya bati na upepo, hakuna aliyeweka mtoto humo.

Hesabu ni hii. Mtoto wa kilo 40 akibembea mpaka kamba ikafika nyuzi 60 kutoka wima, akipita chini kabisa kamba inabeba kilo 80. Ikifika nyuzi 90 inabeba kilo 120. Ongeza uzito wa tairi, ongeza mtu mzima atakayelirukia watoto wakienda nyumbani. Mimi kila ndoano naichukulia lazima ibebe kilo 500, vinginevyo sifungi.

Tengeneza fremu yake pembeni: bomba la chuma inchi 2, unene mm 3, miguu minne iliyotanuka kama herufi A kila upande, ichimbiwe sm 60 na zege. Ndoano mbili ziachane sm 65 na kamba zishuke sambamba. Hapo halizunguki ovyo kama la kamba moja. Kamba za mita 2 zenyewe zinakupa kwenda na kurudi mara 21 kwa dakika. Huo mwendo ni wa kamba, huhitaji kusukuma kwa nguvu. Kiti kiwe sm 35 kutoka chini. Mbele na nyuma acha wazi, pasiwe na ukuta wala beseni.

Usitumie kamba kuukuu za mitumbwi kwa sababu ni bure. Jua la ziwani linaila nailoni kwa nje, inakuwa na manyoya na kutoa unga mweupe ukiisugua. Ikishafika hapo ndani nako kumechoka. Kwenye tairi pitisha kitambaa cha nailoni mzunguko mzima. Kikinasa, pana waya umechomoza, tairi hilo litupe. Na utoboe matundu manne ya mm 12 upande wa chini, maji ya mvua yakituama humo umefuga mbu.

#5 MamaWawili

Fundi, hesabu zako zinanipa usingizi mwema, asante.

Lakini mimi sikubali kwamba yote ni bembea. Mwalimu, hilo darasa lina dari? Saa 5 asubuhi bati tupu limeshashika joto. Linatanuka na kulia ta... ta-ta... ta, bila mpangilio. Sisi tumeshazoea hatulisikii. Mtoto mwenye usonji anausikia kila mlio, na hajui unaofuata utakuja lini. Unamtoa nje kwenye upepo wa bembea, unamrudisha chini ya bati hilo, unategemea nini? Anaziba masikio, umeandika mwenyewe. Masikio yanazibwa kwa kelele, hayazibwi kwa kizunguzungu.

Naomba unijibu moja: zile siku walizotulia zilikuwa za mawingu?

#6 NesiPasiansi

Naongeza la tatu. Mtoto asiyesema, akianza kujing'ata ghafla siku hii na siku nyingine hapana, kwangu ni maumivu mpaka ithibitike vinginevyo. Angalia masikio (usaha, harufu, kuvuta ndewe), meno, na choo: ana siku ngapi hajaenda? Sikio linalouma na mwendo wa bembea havipatani hata kidogo. Wa uji mweupe mtupu bila mboga wala matunda hukaukiwa choo, na tumbo likikaza hakuna kona ya hisi itakayomtuliza.

Mambo mengine mawili ya hatari nimeyaona kwenye orodha yako.

Taa za krismasi: kama zinapepesa, zizime leo, una mtoto wa kifafa. Mwanga unaowaka na kuzima kati ya mara 3 na 30 kwa sekunde unaweza kuamsha degedege kwa wenye kifafa kinachochochewa na mwanga. Wengi ni kati ya 15 na 25. Zenye kitufe cha kubadili ziweke ziwake tuli. Angalia pia feni ya darini ikikata mwanga wa dirisha au wa balbu, nayo inapepesa vile vile.

Maharage: yakiwa mekundu na mabichi ni sumu. Punje 4 au 5 zinatosha kumtapisha mtoto na kumharisha. Tumia mahindi makavu kwa wakubwa wasiotia vitu mdomoni. Kwa anayekula kila kitu, weka viazi vidogo vilivyooshwa. Kipimo changu cha kukabwa ni lile bomba la katikati la karatasi ya chooni: kinachopita humo hakimfai mtoto anayetia vitu mdomoni.

#7 MwlNyasaka

Asanteni sana. Majibu: dari hakuna. Taa zilikuwa zinapepesa, zimezimwa. Maharage yalikuwa mekundu, yametolewa. Siku za mawingu sikuziandika, naanza kuandika leo. Masikio nitaomba wazazi wawapeleke.

Swali: kucheza na maji nikufanyeje? Wanapenda maji kuliko kitu chochote.

#8 Ng'wanaMagu

Maji si tatizo, ziwa hilo hapo. Chota asubuhi weka kwenye beseni kubwa, au wapeleke ufukweni wenyewe, mchanga na maji pamoja. Na pumba za mpunga ni bure mashineni, jaza kiroba wakanyage kwa miguu.

Kuhusu kutuliza, wafugaji mtanielewa. Temple Grandin, profesa wa Marekani mwenye usonji, akiwa kijana aliona ng'ombe wakitulia wanapobanwa ubavuni na kile kibano cha kushikia ng'ombe wakati wa chanjo. Akajitengenezea cha kwake cha mbao, anajibana mwenyewe kwa nguvu anayoitaka yeye. Mgandamizo mzito na mpana unatuliza, mguso mwepesi unaudhi. Kwa hiyo mtoto usimpapase, mshike kwa kiganja kizima.

#9 UkereweKisiwani

Ng'wanaMagu, la ng'ombe nakubali, la ziwa nakukatalia kabisa. Maji ya kingoni yenye majani na konokono yana kichocho. Vijidudu vinapenya kwenye ngozi nzima, havihitaji kidonda, na mtoto asiyesema hatakuambia anawashwa wala anakojoa damu.

Mwalimu, fanya hivi. Maji ya ziwa yachote mbali na majani, yachuje kwa kitambaa kizito ili konokono asiingie, yaweke kwenye pipa lenye mfuniko siku mbili kamili ndipo utumie. Vijidudu hivyo haviishi nje ya konokono zaidi ya saa 48. Ukiwa na haraka, chemsha. Ya bomba au ya mvua hayana habari hiyo. Baada ya mchezo mwaga, usiyaache beseni hadi kesho.

Kwa wenye mtindio wa ubongo maji yawe vuguvugu, pima kwa kiwiko. Maji baridi yanakaza misuli yao zaidi na utadhani mtoto anakataa mchezo. Kina cha sm 10 kinatosha, na mtu mzima asiondoke hata kuitikia simu. Vikombe viwili, kimoja kimetobolewa matundu, na sifongo moja kubwa ya kukamua. Vitu vingi vinamchanganya.

Mchanga wa ufukweni nao uoshe mara tatu mpaka maji yatoke meupe, uanike juani siku mbili, uchekeche. Usiku funika na turubai, paka wanapenda choo cha namna hiyo.

#10 NesiPasiansi

Na pumba hapana. Vumbi lake linabana kifua na lina ncha. Kiroba cha kukanyaga jaza vipande vya godoro kuukuu.

#11 MtunzaDaftari

Nimesoma wote. Kila mmoja ana sababu yake na zote zinavutia, ila hakuna aliyeuliza swali jepesi kuliko yote. Mwalimu: mtoto akishajing'ata darasani, nyinyi mnafanya nini?

#12 MwlNyasaka

Tunamrudisha kona ya hisi akatulie. Mara nyingi kwenye bembea.

#13 MtunzaDaftari

Basi ndiyo hiyo. Mtoto anapenda bembea, hana maneno ya kuiomba, amejifunza kwamba mkono ukiingia mdomoni bembea inakuja. Hahitaji sikio la ndani wala bati kueleweka. Ana akili na ametumia njia iliyofanya kazi.

Daftari liwe na safu tatu: kilichotangulia, alichofanya, kilichofuata. Siku 10 tu. Wakati huo huo mpe namna ya kuomba: kipande cha kamba ya bembea chenye urefu wa kiganja, kimetundikwa ukutani usawa wa mkono wake. Akikileta, anapanda mara moja, bila kucheleweshwa, siku za mwanzo hata mara 10 kwa siku. Akijing'ata, mzuie asijiumize na umpe kazi nzito, sio bembea.

Niseme na la utafiti, watu wasiuziwe ndoto. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani mwaka 2012 kiliwaambia madaktari kwamba ushahidi wa tiba hizi za hisi ni mdogo, wazazi waambiwe hivyo wazi. Uingereza walifanya jaribio kubwa kiasi, watoto 138 wenye usonji, matokeo yakatoka 2022: tiba ya muunganiko wa hisi, yaani hii ya bembea na michezo ya hisi, haikuonyesha faida ya wazi kuliko huduma ya kawaida.

#14 Tibakazi_Kanda

Mtunza, takwimu zako ni sahihi ila umeacha upande mmoja. Waraka ule ule wa 2012 ulisema tiba hizi zinaweza kukubalika kama sehemu ya mpango mpana, mradi upimwe kama zinafanya kazi. Na jaribio la Marekani la 2014, watoto 32, lilionyesha waliopata tiba hiyo walifikia zaidi malengo waliyowekewa na familia zao. Ni dogo, nakubali. A. Jean Ayres, mtaalamu wa tiba kazi wa Marekani, alipoianzisha miaka ya 1960 na 1970 hakusema mtoto apandishwe tairi dakika 20 kwa zamu. Alisema mtoto achague, changamoto izidi uwezo wake kidogo tu, na mtu mzima abadilishe mchezo kila dakika kwa kumtazama. Tunachokifanya mashuleni ni kitu kingine tunachokiita kwa jina hilo.

La kuomba kwa kamba nalichukua lote. Lakini halielezi kwa nini anavua shati na kuziba masikio. Hizo hazimletei bembea.

#15 MtunzaDaftari

Zinamletea mwalimu. Naye ndiye anayempeleka kwenye bembea.

#16 MamaWawili

Au anavua shati kwa sababu chini ya bati kuna joto!

#17 BwiruJuu

Nimerudi. La dakika 30 nalifuta, nimeelimika. Je, fulana nzito? Nasikia wanashona yenye asilimia 10 ya uzito wa mtoto, anavaa siku nzima. Pia kuna vyumba maalumu vya giza vyenye taa na muziki, vilianzia Marekani, vinaitwa Snoezelen.

#18 Tibakazi_Kanda

Snoezelen ni ya Uholanzi, miaka ya 1970. Walioikuza ni Jan Hulsegge na Ad Verheul katika kituo cha De Hartenberg, kwa ajili ya watu wazima wenye ulemavu mkubwa wa akili. Jina lenyewe limeunganishwa na maneno mawili ya Kidachi, kunusanusa na kusinzia. Lengo lao la awali lilikuwa mtu apumzike na achague, hapakuwa na masharti ya kufundisha kitu.

Fulana ya siku nzima hapana. Ushahidi wake ni dhaifu, na mwili unauzoea uzito haraka, baada ya muda hauna kazi yoyote zaidi ya kumchosha na kumtokesha jasho. Na hali yetu ya hewa hii! Blanketi zito nalo lilijaribiwa Uingereza kwa watoto 73 wenye usonji, matokeo yalitoka 2014: hawakulala muda mrefu zaidi, ingawa watoto na wazazi walilipenda. Ukitumia chochote kizito masharti ni mawili: kisifunike uso, na mtoto aweze kukiondoa mwenyewe.

Kinachofaa darasani ni mto wa mapajani. Mtoto wa kilo 20, mto wa kilo 1. Dakika 15 halafu unaondolewa. Nunua suruali ya jinzi soko la Mlango Mmoja, kata mguu mmoja, shona vyumba vya sm 10 kwa 10, kila chumba mchanga uliooshwa na kukaangwa mpaka ukauke kabisa. Mchanga wenye unyevu unaota ukungu ndani, utanuka baada ya wiki mbili. Ukijaza mchele fukusi watauona kabla yako. Mshono upige mara mbili, na usijaze chumba zaidi ya robo tatu, la sivyo mto unakuwa tofali na haulali juu ya paja.

#19 FundiIgoma

Mwalimu, yule mwenye sindromu ya Down asipinduliwe kichwa chini miguu juu, wala trampolini. Baadhi yao pingili za juu za shingo zimelegea. Hilo niliambiwa na wataalamu wakati wa kupima fremu, nikaona liandikwe hapa.

#20 NesiPasiansi

Sahihi kabisa, Fundi. Ukiona anaanza kujikwaa, shingo inauma au anapoteza uwezo wa kuzuia haja, hospitali siku hiyo hiyo.

#21 MleziWatuWazima

Ninaomba uzi usiishie kwa watoto. Wanaotimiza miaka 18 wanarudi nyumbani na kupewa manyanga ya kichanga. Mtu wa miaka 30 mwenye ulemavu wa akili mpe shughuli ya rika lake yenye hisi zile zile. Kuchambua dagaa waliokaushwa: mguso, harufu, sauti ya kukwaruza, vidole viwili vinafanya kazi. Mpe sinia mbili, nusu kilo kwa awamu, kivulini, na kitambaa chenye maji ya limao pembeni, kwa sababu wengine wanavumilia harufu lakini hawavumilii vidole kunata. Kukanda unga wa chapati, kilo moja, ni kazi nzito ya mabega. Kupiga ngoma nako: wanaokwenda makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, wakae karibu na ngoma kubwa, mkono juu ya ubao wake, wausikie mvumo hata kama masikio hayasikii. Ila ukae karibu na mlango, mtu atakayetaka kutoka atoke bila kuvuka watu.

#22 Tibakazi_Kanda

Mlezi, asante. Na tofautisheni maneno, wadau: hisia ni furaha na huzuni, hisi ni mlango wa fahamu. Tukiandika kwenye ripoti "kuchangamsha hisia" mzazi anadhani mwanawe anafundishwa kufurahi.

#23 Mguso_na_Sauti

Hakuna aliyemgusa yule mtoto asiyeona na kusikia kwa shida. Yuko kwenye kundi la waliotulia, na hilo linanitia wasiwasi. Wakati mwingine utulivu wa mtoto kama huyo ni kujifunga: haelewi kinachokuja, anajizima. Mwalimu, anashikashika vitu akiwa ametulia, au mikono imelala?

Lilli Nielsen wa Denmaki, mtaalamu wa elimu ya watoto wasioona, alikuwa na njia mbili ambazo zinawezekana kwa vifaa vya hapa hapa. Ya kwanza ni ubao wa mvumo: karatasi ya plaiwudi nyembamba, mm 4, imepigiliwa pembeni kwenye fito za sm 2 ili katikati iwe inaelea. Mtoto analala au kukaa juu yake. Akigonga kisigino, ubao wote unamrudishia mtetemo mwilini. Ndipo anapogundua kwamba yeye ndiye aliyefanya. Ya pili ni chumba kidogo: katoni kubwa ya friji, vitu vinaning'inia kwa lastiki karibu na mikono na kifua chake. Funguo, kijiko cha bati, brashi ya viatu, ganda la nazi, kipande cha mkeka. Vitu 8 hadi 10, na visihamishwe kwa wiki mbili hadi tatu, maana kumbukumbu yake ndiyo ramani. Na akiwa ndani, usizungumze. Mnampongeza kila sekunde, mnamkatiza.

Harufu itumieni kama saa. Mchaichai uliopondwa kila siku kabla ya uji, karafuu kabla ya bembea. Pamba kwenye kikopo chenye matundu, sm 15 kutoka puani, pumzi mbili tatu. Mafuta ya mkaratusi na yenye kafuri yasiingie darasa lenye mtoto wa kifafa.

Wale wa mtindio wa ubongo, kama mmoja haangalii vitu, macho yanaweza kuwa mazima na tatizo liko kwenye ubongo. Mwekee kitambaa cheusi, kitu kimoja tu chekundu au cha njano, umulike kwa tochi kutoka nyuma yake, kisha usubiri. Hesabu polepole hadi 30. Wengi wetu tunatikisa kitu kingine tukifika 4.

#24 MwlNyasaka

Nimerudi baada ya wiki mbili. Fundi wa jirani katufungia fremu ya ndoano mbili. Nilibadilisha hiyo tu wiki ya kwanza, dakika 5, mengine nikaacha. Wiki ya pili nikaongeza kamba ya kuombea na ndoo.

Wa kwanza (miaka 8): kujing'ata kumeshuka kutoka siku 4 kati ya 5 hadi siku 1. Wa pili hakuna tofauti wiki ya kwanza. Wiki ya pili ameleta kamba mara 14 siku ya Alhamisi na hajajing'ata siku hiyo. Wa tatu hajabadilika kabisa. Masikio yake yamepimwa, yako salama.

MamaWawili, siku za mawingu nimeandika: wiki ya kwanza mvua ilinyesha siku 3 kati ya 5.

Mguso, mikono ilikuwa imelala.

#25 MamaWawili

Siku 3 za mvua! Kwa hiyo huyo wa miaka 8 anaweza kuwa ametulizwa na ubaridi, fremu ikapewa sifa.

#26 Tibakazi_Kanda

Mvua juu ya bati tupu ina kelele kuliko bati la jua, Mama. Kwa hoja yako angekuwa hoi.

#27 MamaWawili

Mvua inaunguruma mfululizo, sauti moja. Bati la jua linashtua. Si sawa.

#28 MtunzaDaftari

Wa pili ni wangu, huyo wa kamba mara 14. Wa kwanza siwezi kusema. Mwalimu, endelea kuandika mpaka jua lirudi. Na wa tatu, choo chake kikoje? Nesi aliuliza, hukujibu.

#29 MwlNyasaka

Mama yake anasema kila baada ya siku nne, tano. Nimeanza papai na maji asubuhi, na anampeleka kituo cha afya kesho kutwa.

Mguso, plaiwudi ya mm 4 nimepata karatasi mbili hapa mjini, moja nzito moja nyepesi, muuzaji anasema zote ni mm 4. Nichukue ipi?

#30 Mguso_na_Sauti

Ziegemeze kwa ncha mbili, uache katikati wazi, kisha gonga kwa fundo la kidole na uweke kiganja cha mkono wa pili ukingoni. Chukua inayokufikia kiganjani. Pembe zipige msasa mpaka kitambaa cha nailoni cha FundiIgoma kisinase popote.